Komisionere wa lupango: namna ya kumchagua mbele ya kutoa feza

Mu Lubumbashi, mtu akitembea kutoka Katuba mpaka Kampemba, hawezi kukosa kuona ukuta wenye maandishi makubwa ya rangi: «Parcelle pas à vendre». Lupango hii haiuzishwi. Mgeni anaweza kushangaa: kwa nini mtu anaandika kwamba nyumba yake haiko ya kuuzisha, wakati hakuna aliyemuuliza? Wenyeji hawashangai. Wanajua kwamba siku moja mtu asiyejulikana anaweza kupiga hodi, karatasi mkononi, na kusema: «Hii lupango ni yangu, nilishalipaka feza yote.»

Mara mingi mtu huyo si mwizi. Ni mnunuzi aliyedanganywa. Alipewa lupango na ndugu ya mwenye nyumba, ao na lokatere, ao na mtu mwingine asiye na haki yoyote juu yake. Na mara mingi, kati yake na yule aliyemuuzisha, kulikuwa mtu wa tatu: komisionere.

Hii haimaanishi kwamba makomisionere wote ni wabaya. Wengi wanafanya kazi safi, na bila wao watu wengi wasingepata nyumba. Shida ni kwamba watu wanamwomba komisionere kitu ambacho hana. Wanamwomba uhakika. Komisionere anaweza kuonyesha lupango, kuongea bei, kukutanisha watu. Hawezi kuhakikisha lupango ni ya nani. Kwa hiyo kumchagua vizuri si kutafuta mtu wa kuamini tu. Ni kutafuta mtu ambaye anakubali wengine wachunguze maneno yake mbele ya feza kutoka mfukoni.

Kazi ya komisionere ni gani?

Komisionere anajulikana kwa kibao chake. Kibao kiko kwenye kona ya avenyu, kando ya soko ao chini ya parasoli, kimeandikwa na choki: nyumba ya vyumba viwili na saluni, lupango ya metre 20 kwa 25, namba ya simu. Siku hizi vibao vile viko pia mu WhatsApp na mu Facebook, pamoja na foto.

Kazi hiyo ina faida ya kweli. Lubumbashi ilianzishwa mwaka wa 1910 juu ya shaba, na mpaka leo ni mji unaopokea watu: kuko wanaotoka Kasai, Likasi, Kolwezi, na sehemu zingine za inchi. Mtu anayefika mpya hajui nani anauzisha nyumba mu komini ya Kenya ao ya Ruashi. Komisionere anajua. Anatembea kwa miguu, anaongea na mama anayeuzisha makala, na sentineli, na shefu wa avenyu. Habari ile ina bei yake, na ni haki alipwe.

Mbele ya sheria, kazi hii ina jina na ina mipaka. Kufuatana na sheria ya biashara ya OHADA, muungano wa inchi za Afrika ambamo Kongo iliingia mwaka wa 2012, kuwa mtu wa katikati katika kuuzisha ao kupangisha nyumba ni kazi ya biashara. Sheria ile ile inatofautisha watu wawili. Komisionere, kwa maana ya sheria, ni mtu anayefanya mapatano kwa jina lake mwenyewe kwa ajili ya yule aliyemtuma. Yule anayekutanisha tu watu ili waongee wao wenyewe anaitwa kurtie. Mtu wa kibao kwenye kona ya avenyu ni kurtie, hata kama mji mzima unamwita komisionere.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kurtie hana ruhusa ya kusaini kwa nafasi ya mwenye lupango, wala ya kupokea bei ya lupango. Akisema anaweza kufanya vile, anapaswa kuonyesha prokirasion, ni kusema karatasi ambayo mwenye lupango amemtuma nayo, na iliyopita kwa notere. Bila karatasi hiyo, feza ya lupango haina njia ya kupita mkononi mwake.

Anafanya kazi kwa nani?

Hili ni swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi. Wanadhani komisionere aliyewapokea vizuri na kuwatembeza siku nzima kwenye jua ni mtu wao. Lakini komisionere mara mingi anapokea feza pande zote mbili, kwa mwenye kununua na kwa mwenye kuuzisha. Tena anapokea tu kama mapatano yamepita. Siku nzima ya kutembea bila mtu kununua ni siku ya bure kwake. Hata komisionere mwenye moyo safi ana sababu ya kutaka mambo yaishe haraka.

Kutoka pale kunazaliwa matata matatu ambayo yanajulikana sana.

La kwanza ni bei iliyoongezwa. Mfano: mwenye lupango anaomba dola 18 000. Komisionere anamwambia mnunuzi 22 000. Anafanya yote ili watu wawili wale wasikutane mbele ya siku ya mwisho, ao wasiongee bei wakiwa pamoja. Dola 4 000 zinabaki katikati, na juu yake anaomba tena komisioni yake. Mwenye kuuzisha anafikiri ameuzisha vizuri, mwenye kununua anafikiri amepata bei nzuri.

La pili ni mnyororo. Komisionere wa kwanza alisikia kwa wa pili, wa pili alisikia kwa wa tatu. Wote watagawana komisioni moja, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuongea na mwenye lupango. Kila mmoja anarudia maneno ya mwenzake. Siku shida inatokea, kila mmoja anaonyesha mwenzake kwa kidole.

La tatu ni haraka. Wakaaji wa Lubumbashi wanajua wimbo huo: «Yaya, ukichelewa utaikosa. Kuko mutu anatoka Kolwezi, kesho asubui analeta feza yote.» Pengine mtu wa Kolwezi yuko kweli. Lakini lupango inayopotea juu ya siku tatu za kuchunguza ni hasara ndogo kuliko lupango iliyonunuliwa mara mbili.

Maswali matano ya kumpima

Mtu anayetafuta komisionere anaweza kumpima mbele hata ya kuona nyumba. Maswali matano yanatosha, na kinachohesabika ni majibu pamoja na namna anavyojibu.

Swali la kwanza: nani amekutuma? Jibu zuri ni jina la mwenye lupango, na siku ya kumwona. Komisionere anaweza kuogopa kwamba watu wawili wakikutana watamruka na kumnyima komisioni yake. Uoga huo una sababu, kwani watu wanafanyaka vile. Dawa yake ni kuandika karatasi fupi mbele ya kukutana: mnunuzi anakubali kwamba ameonyeshwa lupango hiyo na komisionere huyo, na atamlipa kiasi fulani kama ataichukua. Kisha karatasi ile kusainiwa, komisionere hana tena sababu ya kumficha mwenye lupango. Akiendelea kumficha, kuko jambo lingine.

Swali la pili: unajulikana wapi? Ajansi ya kweli ina namba ya RCCM, ni kusema imeandikwa kwenye rejista ya biashara, ina namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya kodi, na ina biro ambayo mtu anaweza kurudi kuigonga. Komisionere mdogo wa avenyu mara mingi hana vyote hivyo. Lakini anaweza kuwa na patante, ana karatasi ya uchaguzi, na shefu wa kartie anajua nyumba yake. Kuchukua foto ya kitambulisho chake na kumwuliza shefu wa kartie si kumtukana. Mtu wa kazi safi hakasiriki.

Swali la tatu: komisioni ni ngapi, nani anaitoa, na siku gani? Kwa nyumba ya kupanga, watu wamezoea kutoa kiasi cha mwezi moja. Kwa kuuzisha, mara mingi wanaongea asilimia 5 ao 10, lakini hiyo ni mapatano, si amri. Jambo kubwa ni saa ya kulipa. Komisioni inatolewa kisha mwenye kununua na mwenye kuuzisha kusaini mbele ya notere, si siku ya kuonyeshwa ukuta. Komisionere anayeomba nusu ya komisioni mbele anajikinga yeye mwenyewe na kumwacha mwenzake bila kinga.

Swali la nne: unaweza kunipa kopi ya karatasi za lupango ili nichunguze? Hili ndilo swali linalofungua ao kufunga mlango. Komisionere mzuri atasema: «Sawa, nitaomba kwa mwenye lupango.» Atachukua siku moja ao mbili, lakini ataleta. Komisionere mwenye shida atasema karatasi ziko salama, ziko kwa avoka, ziko Kinshasa, ao atasema mnunuzi atazipata kisha kulipa avansi. Pale mazungumzo yanapaswa kuisha.

Swali la tano: nani umewahi kumsaidia? Si jina tu. Ni kwenda kumwona mtu mmoja ao wawili walionunua kupitia kwake zaidi ya mwaka moja uliopita. Mtu aliyenunua wiki jana bado ana furaha, hajajua kama kuko matata. Mtu aliyekaa mwaka mzima, aliyebadilisha jina kwenye karatasi, aliyejenga bila mtu kuja kumfukuza, huyo ana ushuhuda wa kweli.

Karatasi inaongea kuliko mdomo

Kuko kazi ambayo komisionere, hata awe mzuri namna gani, hawezi kufanya kwa nafasi ya mnunuzi. Ni kuchunguza haki ya mwenye kuuzisha.

Msingi ni sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973 juu ya ardhi, pamoja na marekebisho yake. Sheria hiyo inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa konsesyon, ni kusema haki ya kutumia udongo, na anaweza kuwa mwenyewe wa nyumba aliyoijenga juu yake. Haki hiyo inaonekana kwa karatasi moja tu: sertifika ya enrejistrema, ile watu wanaita kwa kifupi sertifika. Sheria inaongeza kwamba kisha miaka miwili tangu kutolewa, sertifika haiwezi tena kushambuliwa kwa urahisi. Mbele ya miaka hiyo miwili, mtu anayesema ana haki anaweza bado kwenda kwenye tribinali. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye sertifika si jambo la kupita bila kusoma.

Sertifika inatengenezwa mara mbili. Moja inakuwa ukurasa wa kitabu kinachobaki kwa konservatere, mkubwa wa biro ya ardhi. Nyingine anapewa mwenye lupango. Ile ya mkononi ina namba mbili: volimu na folio. Zinaonyesha kitabu gani na ukurasa gani. Mtu anaweza kutengeneza sertifika ya uongo yenye muhuri na saini, lakini ni nguvu zaidi kuingiza ukurasa wa uongo mu kitabu cha konservatere. Ndiyo maana kopi inayoombwa katika swali la nne ina maana: na volimu na folio, mnunuzi ao avoka wake anaweza kwenda kuomba kulinganisha. Pale ataona kama jina ni lile lile, kama kuna ipoteki ya banki, na kama kuna mtu aliyepinga kuuzisha. Ni vizuri kujua kwamba mji mkubwa unaweza kuwa na biro zaidi ya moja, kila moja na sehemu yake. Kwenda kwenye biro ya sehemu nyingine na kuambiwa «hatuna habari yake» si uchunguzi.

Kadastre, yeye, anajua mipaka. Biro hiyo inaweza kusema kama lupango ya 20 kwa 25 iliyo kwenye kibao ni 20 kwa 25 pia kwenye plani, na kama mawe ya mipaka yako pahali pake.

Lakini wakaaji wengi hawana sertifika. Wana fishe parseler, karatasi ya komini ya kuonyesha kwamba mtu anakaa pale, ao livre de logeur ya zamani. Wengine wana kontra ya lokasion na Serikali, ambayo sheria inaihesabu kama hatua ya kwanza ya kutengeneza lupango, na haipiti miaka mitatu. Pembeni ya mji, mu komini Annexe, kuko wanaoonyesha barua ya shefu wa kimila. Karatasi hizo si bure, zinaonyesha historia. Lakini hakuna hata moja kati yake iliyo sawa na sertifika, na komisionere anayesema «ni kitu kimoja tu» anakosea ao anadanganya. Lupango isiyo na sertifika ina hatari zaidi, na bei yake inapaswa kuonyesha hatari hiyo.

Kuko tena nyumba za makampuni. Mu Lubumbashi, watu wamekaa miaka mingi mu nyumba zilizojengwa na Gécamines ao na kampuni ya reli, SNCC. Mtu kuzaliwa mu nyumba na kuzeekea ndani yake hakumfanyi kuwa mwenyewe. Pale pia swali ni moja: jina la nani liko kwenye karatasi?

Watu wa kuona mbele ya kusaini

Karatasi ikiwa safi, kunabaki watu.

Wa kwanza ni bibi ao bwana ya mwenye kuuzisha. Kodi ya familia ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inaomba mapatano ya bwana na bibi kwa kuuzisha nyumba ao konsesyon, isipokuwa kama ni mali ya mmoja wao peke yake. Baba anayeuzisha mchana wakati mama iko kwenye soko, ao mama anayeuzisha wakati baba iko safarini, wote wawili wanamwachia mnunuzi kesi. Komisionere mzuri anasema tangu mwanzo: «Tutasaini siku mama atakuwa.»

Wa pili ni warithi. Lupango ya marehemu si ya mtoto mkubwa, wala ya ndugu ya baba, hata kama yeye ndiye anayeshika funguo. Watoto wa marehemu ndio wa kwanza katika urithi, na kama wako sita, saini sita zinahitajika, ao prokirasion za wale walio mbali. Matata mengi ya lupango yanatoka hapa: mtu ambaye alikuwa Zambia ao Kinshasa anarudi na kukuta nyumba ya baba yake ina wageni.

Wa tatu ni majirani. Kuwauliza hakulipiwi. Jirani wa kushoto anajua kama ukuta umesogezwa. Jirani wa kulia anajua kama mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka saluni. Wote wawili wanajua kama wiki ile wameona wanunuzi wengine watatu wakitembezwa. Ni vizuri mnunuzi arudi peke yake, bila komisionere, asubui ya siku nyingine.

Feza na lugha ya mapatano

Kunapaswa kuwa njia mbili za feza zisizochanganyika. Moja ni bei ya lupango, inatoka kwa mnunuzi na kwenda kwa mwenye lupango. Nyingine ni komisioni, inaenda kwa komisionere. Kila moja ina karatasi yake ya kupokea, yenye jina, tarehe, kiasi kwa hesabu na kwa maneno, na sababu. Mtu anayepeana dola 22 000 kwa komisionere ili «agawanye» hatajua kamwe mwenye lupango alipata ngapi.

Kwa kiasi kikubwa, banki ni salama kuliko mfuko wa plastiki. Sheria ya mwaka wa 2004 juu ya kupinga kusafisha feza iliweka tayari mpaka wa dola 10 000 kwa malipo ya keshi. Mbali na sheria, malipo yaliyopita mu banki yanaacha alama ambayo hakuna mtu anaweza kukana. Na kama kuko avansi, iwe ndogo, na karatasi iseme wazi itarudishwa kama uchunguzi kwa konservatere unaonyesha jina lingine.

Lugha nayo inaweza kuleta shida. Mu Kiswahili cha Lubumbashi, mtu akisema «nauza nyumba», wengi wanasikia kwamba ananunua, kwani kutoa kitu kwa bei ni «kuuzisha». Lakini mtu aliyekomalia ngambo ya Tanganyika atasikia kinyume. Karatasi iliyoandikwa haraka kwenye meza ya nganda, na neno «kuuza» peke yake katikati, inaweza kusomwa mara mbili na tribinali. Afadhali akti ya kuuzisha iandikwe na notere ao avoka, kwa Kifransa kama kawaida, na isomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya pande zote mbili na mashahidi. Mtu asiyejua Kifransa ana haki ya kuomba kusomewa mara mbili ao tatu. Komisionere anayesema «sainini tu, ni mambo ya kawaida» anasahau kwamba jina lake halitakuwa pale chini.

Kazi haiishi kwenye saini. Kunabaki mitasion, ni kusema sertifika ya jina la zamani inafutwa na mpya inatolewa kwa jina la mnunuzi. Kazi hiyo ina kodi na malipo yake, na inapaswa kuongewa mapema nani atalipa. Mpaka mitasion ifanyike, kitabu cha konservatere kinaendelea kusema jina la yule wa zamani.

Mwenye kuuzisha naye achague

Watu wanasema sana juu ya mnunuzi, lakini mwenye kuuzisha pia anaweza kuumia. Kwake maswali ni tofauti kidogo.

La kwanza ni kuamua bei mwenyewe mbele ya kumwita mtu. Anaweza kuuliza malupango mawili ao matatu ya avenyu ile ile yaliuzishwa ngapi mwaka huu. Komisionere anayetoa bei kubwa sana ili apewe kazi, kisha miezi miwili anaanza kuomba ishushwe, hakutoa shauri, alitoa chambo.

La pili ni kumtuma mtu kwa karatasi: bei ya chini kabisa, komisioni, na muda, tuseme miezi mitatu. Kutuma makomisionere kumi kwa mara moja kunaonekana kama akili, lakini lupango inayoonyeshwa na watu kumi kwa bei kumi inaonekana kama lupango yenye shida.

La tatu, na ni la lazima: sertifika ya kweli haitoki nyumbani. Komisionere anapewa kopi, pengine na mstari ulioandikwa juu yake kwamba ni kwa ajili ya kuonyesha tu. Mwenye lupango aliyeachia karatasi ya kweli «kwa siku mbili» ametoa silaha.

La nne ni kuongea bei na mnunuzi macho kwa macho angalau mara moja. Dakika kumi za mazungumzo hayo zinatosha kuua bei iliyoongezwa.

Na kwa nyumba ya kupanga?

Makomisionere wengi wanaishi zaidi kwa nyumba za kupanga kuliko kwa kuuzisha. Pale sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015 iliweka jambo moja ambalo lokatere wengi hawajui: kwa nyumba ya kukaa, garanti haiwezi kupita miezi mitatu. Komisionere anayeomba miezi sita ao kumi kwa jina la mwenye nyumba anaomba zaidi ya sheria. Hata hapa garanti inapewa mwenye nyumba mwenyewe, na kontra iko kwa maandishi. Kuhusu feza ndogo za «kuona nyumba», ambazo wengine wanaomba kila wanapofungua mlango, ni vizuri kuziongea mbele: ni mara moja kwa nyumba zote, na zinatolewa kwenye komisioni kama mtu atapanga.

Mambo yakiharibika

Kuuzisha nyumba isiyo ya mtu ni kosa mbele ya sheria ya Kongo. Linaitwa steliona, na linapelekwa kwa parke. Komisionere aliyejua na akaendelea anaweza kushitakiwa pamoja na muuzishaji. Lakini kuonyesha kwamba alijua ni nguvu, kama kila kitu kilisemwa kwa mdomo. Karatasi ndogo zote, yaani ile ya kuonyeshwa lupango, ile ya komisioni, ujumbe wa WhatsApp, foto ya kitambulisho, siku ile zinageuka mashahidi. Na hata mtu akishinda kesi, kupata feza yake mkononi ni safari nyingine ndefu. Muuzishaji wa uongo mara mingi ameshaitumia.

Ndiyo maana pahali pa kumchagua komisionere si siku ya kusaini. Ni siku ile mnunuzi anamwambia: «Papa, nimependa lupango. Nipe kopi, nipe wiki moja, niende kwa konservatere, nione bibi ya mwenye nyumba, nirudi.» Komisionere anayejibu «Sawa, na ukikuta shida nijulishe, sitaki kuonyesha lupango yenye matata» anastahili komisioni yake yote. Anayejibu kwamba wiki moja ni ndefu amekwisha kujibu.